Ngoma haichoki, stelingi anachoka

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanza, nalifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Mimi na washkaji tumeshuti sini ya ngumi ya dakika tatu kwenye pagale moja huku Igoma. Nimeweka EDM kali sana (ule muziki wa klabu wa kompyuta), BPM 150, yani midundo 150 kwa dakika, lakini kila ninayemwonyesha anasema inaonekana kama video ya muziki, ngumi haziumi. Nimeshabadilisha ngoma mara nane. Tatizo ni ngoma au ni mimi? Af naweza kuweka singeli badala yake au ntachekwa?"

Marahaba mdogo wangu. Klipu yako nimeiangalia mara sita, mara mbili za kwanza nikiwa nimezima sauti kabisa, na ukizima sauti zile ngumi zinauma vizuri tu. Yule jamaa wa tisheti nyekundu anajua kuanguka, sijui mmemtoa wapi ila msimwachie. Kwahiyo mlichoshuti kiko sawa. Ngoma nayo iko sawa, na zile nyingine nane ulizozitupa nadhani nazo zilikuwa sawa. Tatizo ni wewe, ila ni tatizo la mtu mwenye sikio, wasio na sikio hawalipatagi, kwahiyo usinune.

Nimeona umeshuti fremu 25 kwa sekunde, yani picha 25 kila sekunde. Sasa chukua 25 zidisha mara 60 unapata 1500, gawanya kwa BPM ya ngoma yako ambayo ni 150, jibu ni 10 kamili. Yani mdundo mmoja ni fremu 10 bila hata nusu fremu kubaki. Ungekuwa na ngoma ya 140 ungepata 10.7, mikato ingekuwa inateleza na ungelazimika kutumia jicho, lakini kwa 150 taimulaini ilikuwa inakuitikia tu, kila ukikata inakaa, kila ukikata inakaa, na ile raha naijua, nimeshakesha nayo mpaka adhana ya alfajiri. Ukaweka alama kila fremu 10 ukaanza kupanga ngumi juu ya alama kama fundi anapanga matofali.

Nimehesabu. Ngumi, mateke, vichwa na ule ubao mmoja, jumla 61. Zilizotua juu ya mdundo ni 54. Hiyo ni halaiki mdogo wangu, ile ya watoto wa shule uwanjani siku ya Uhuru, wote mikono juu, wote mikono chini, inapendeza lakini hakuna anayeogopa kwamba mtoto ataumia.

Mwili wa mtazamaji unaudaka mdundo haraka sana. Sekunde ya tano tu mguu wake unagonga chini bila yeye kujua, na kuanzia hapo anajua kiki inayofuata itakuja lini (kiki ya ngoma nasema, ule mdundo mzito wa chini, sio kiki za mastaa wetu), na kama ngumi nayo inakuja palepale basi ngumi nayo anaijua itakuja lini. Na ngumi ambayo mtu anajua inatua saa ngapi imeshakuwa hatua ya dansi. Ndo maana kila mtu anakwambia video ya muziki, hawakosei, wanashindwa tu kueleza. Na ndo maana kubadilisha ngoma mara nane hakujasaidia, kila mara ulikuwa unaipanga upya mikato juu ya midundo ya ngoma mpya.

Tuache hesabu kidogo. Umewahi kuona kirumbizi? Ni ngoma ya pwani, ukienda Lamu utaikuta, Pemba pia, wanaume wawili wanaingia katikati na fimbo, zumari inalia, ngoma zinapigwa, na watu wamezunguka. Ukiangalia vizuri utaona miguu iko kwenye ngoma, mabega yako kwenye ngoma, ile kuzungukana na kutishiana yote iko kwenye ngoma, lakini fimbo yenyewe inakuja pale mtu alipoona upenyo. Mpiga ngoma hajui fimbo inakuja lini na aliyesimama mbele yake pia hajui. Ngoma ni uwanja wanaochezea, pigo liko huru. Mimi kila nikikaa na sini ya ngumi yenye muziki wa klabu nakumbuka kirumbizi kabla sijakumbuka muvi yoyote ya Marekani.

Sasa kuna kitu kingine kwenye EDM ambacho kwenye kirumbizi hakipo, na hapa ndo pana jibu lenyewe la swali lako. Zumari anapiga mtu, ana mapafu. Orkestra ni watu, wanavuta pumzi, upinde wa vayolini unafika mwisho unarudi. EDM inapigwa na mashine, kiki ya sekunde ya kwanza na kiki ya dakika ya tatu ni faili lilelile, halijachoka, halijavuja jasho, haliogopi. Halafu wewe juu yake umeweka binadamu anapigana, na binadamu akipigana dakika moja tu ya kweli mikono inakuwa mizito kama ndoo za maji, muulize bondia yeyote. Ngoma haichoki, stelingi anachoka. Kwahiyo kabla hujachagua ngoma kali jiulize hapa mtu wangu anachoka au hachoki? Kama hachoki, yani yuko juu, anawapitia tu, mwekee mashine imsindikize. Kama anachoka, mashine itamsaliti, itakuwa inaruka na kufurahi wakati yeye anatema damu.

Mfano ambao karibu kila mtu ameuona ni The Matrix ya 1999. Ile sini ya kuingia lobi, Neo na Trinity na makoti marefu, ngoma ni Spybreak! ya Propellerheads, bigi biti ya Kiingereza, ngoma ngoma za mitaani na besi inayotafuna. Pale hakuna hata sekunde moja unayoogopa kwamba watakufa, hawatoki jasho, nguzo zinabomoka wao wanapita, na wakishamaliza kimya kinatawala kipande cha nguzo kinadondoka chenyewe. Sasa nenda mbele, Neo na Agent Smith kwenye stesheni ya treni chini ya ardhi. Anapigwa, anatema damu, anagongwa ukutani mpaka ukuta unapasuka. Muziki wa klabu hamna, ni orkestra ya Don Davis, mapembe na nyuzi zinazokwaruzana. Muvi ileile, mtu yuleyule, ila hali yake imebadilika na muziki ukafuata hali. Walikuwa na ngoma kali kibao wangeweza kuziweka pale, hawakuweka.

Chukua na John Wick ya 2014. Mmoja wa walioiongoza, Chad Stahelski, ndo alikuwa anamkaimu Keanu Reeves kwenye sini za hatari za The Matrix, kwahiyo haya mambo anayajua kwa mbavu zake mwenyewe. Ile sini ya klabu inaanzia kule kwenye mabafu, muziki wa kike taratibu, karibu wa kubembeleza, af inapanda mpaka kwenye dansi flo ambako ngoma ya Le Castle Vania inatwanga na John anatwanga nayo. Kitu cha kujifunza pale ni kwamba muziki ni wa klabu yenyewe, wale watu walikuwa wanacheza kabla yeye hajafika. Hakuna aliyeuweka kwa ajili ya ngumi. Ngumi ndo imekuja kuvamia muziki. Blade ya 1998 walifanya hivyohivyo mapema zaidi, rimiksi ya Confusion ya New Order inapigwa klabuni, vampaya wanaruka, damu inamwagika kutoka kwenye mabomba ya dari, yote hayo Blade mwenyewe hata hajatokea. Akitokea muziki umeshamtengenezea chumba.

Halafu kuna Atomic Blonde ya 2017, muongozaji wake David Leitch ndo yule aliyekuwa na Stahelski kwenye John Wick ya kwanza. Muvi nzima imejaa ngoma za miaka ya 80, lakini pambano lake kubwa la kwenye ngazi, refu kweli, halina muziki. Unasikia pumzi, viatu, kitasa cha mlango, mtu anajikokota. Mtu yuleyule aliyetoka kwenye shule ya klabu akaona hapa mashine ikae pembeni, kwa sababu pambano lile habari yake ni uchovu. Ukipata muda iangalie hiyo sini af rudi kwenye klipu yako dakika ya 1:20.

Dakika ya 1:20 ndo pale stelingi wako anapigwa ubao wa kichwa. Anayumba, anaona kizunguzungu, umeshuti vizuri mpaka macho yake yamepotea, na ngoma yako je? Inaruka! Haina habari! Ni kama jirani ana msiba wewe unafungulia redio. Pale ngoma lazima ijue kwamba mtu amepigwa ubao.

Mimi ningefanya hivi. Toka mwanzo mpaka 1:20 stelingi wako ana nguvu, iache 150 yako, lakini ngumi zote zitoe kwenye alama. Zisogeze, hii fremu tatu mbele, hii nne nyuma, kwa jicho, zima kabisa ile sumaku ya kunasa alama. Kilichobaki juu ya mdundo kiwe miguu, mtu kukanyaga, mtu kugeuka, mlango, mkato wa kamera kutoka mbali kuja karibu. Miguu kwenye ngoma, fimbo huru, kirumbizi. Halafu chagua ngumi chache sana za kukutana na mdundo, na zisikutane na mdundo wowote tu, zikutane na pale ngoma inapogeuka. EDM karibu yote inageuka kila baada ya midundo 32, kwa 150 hiyo ni sekunde 12.8, kwenye mradi wako fremu 320. Kwahiyo toka mwanzo mpaka ubao una migeuko kama sita, chukua mitatu. Ngumi tatu za kwenye mgeuko zitaonekana kubwa kwa sababu nyingine zote ziko ovyo.

Ubao ukitua, kata ngoma. Usiififishe taratibu, ikate na kisu. Au kama roho inakuuma kuikata basi ifunike, chukua ekwalaiza ziba sauti zote za juu ibaki besi inavuma kama inatoka nyumba ya tatu, vile unavyosikia ukiwa umezama chini ya maji, mtazamaji ataelewa masikio ya jamaa yamekufa. Kaa hapo sekunde 20 hata 30. Najua utaona ni ndefu, wewe umeshaizoea klipu, mtazamaji hajaizoea. Na ukitaka ngoma irudi mwishoni, irudi pale stelingi anaposhika lile sululu, sio pale adui anapoanguka, akishaanguka hakuna tena cha kusindikiza.

Kuhusu ule mpando kabla ya dropu (pale ngoma inapolipuka), zile snea, ngoma ndogo kali, zinazokimbia tiritiritiri mpaka pumzi inakata, angalia sana. Kila mtu anaweka ngumi kubwa juu ya dropu, mtazamaji wa leo ameshaona matangazo elfu ya hivyo kwenye simu, akisikia mpando anajua kofi linakuja. Jaribu kumdanganya. Mpando upande, af ngumi itue fremu 15 kabla ya dropu, dropu ije imkute jamaa yuko hewani au ameshalala chini. Au dropu isije kabisa, ije sauti ya mbu. Nilishafanya hiyo ya mbu kwenye kazi ya mteja mmoja akakataa, akasema amelipia dropu anataka dropu yake. Nikampa. Mpaka leo naamini mbu alikuwa bora.

Unataka kujua aina gani ya EDM? Hausi ya kawaida ya 120 mpaka 128, kiki nne nne zimelingana, ni ngumu kuliko zote kwa ngumi kwa sababu imenyooka mno, nzuri kwa mtu anayetembea kuelekea kwenye ugomvi. Tekno nzito inafaa kama ngumi zenyewe ni chache na ni za kuua. Ninayoipenda mimi ni dramu na besi, BPM kama 174, kwa sababu ina kasi mbili kwa pamoja, haihati (vile visahani vya ngoma) na snea ndogo zinakimbia 174 lakini mwili unaisikia kama 87. Kwahiyo miguu na mikono inapata haraka haraka yake, na pigo zito linapata nafasi yake pana, ukigawanya 1500 kwa 87 unapata fremu 17 na kidogo, na kwenye fremu 17 mtu anaweza kurusha ngumi ya kweli ikafika na kichwa kikageuka. Halafu midundo yake imevunjika vunjika, mingi imetoka kwenye ule mpigo wa ngoma wa sekunde chache wa The Winstons wa mwaka 1969 ambao watu wameukata na kuupanga upya mpaka leo, na uliupiga mtu kwa mikono, kwahiyo hata ukichinjwa na kompyuta kuna jasho la mtu ndani.

Maneno kwenye ngoma, beti nzima za kuimba, toa. Sauti ya mtu inavuta sikio kuliko ngumi. Lakini kelele fupi ni kitu kingine kabisa. Ile ngoma ya Mortal Kombat, Techno Syndrome ya wale Wabelgiji The Immortals, iliyokuja kuwa maarufu na muvi ya 1995, maneno yake ni nini? Jina la gemu linapigiwa ukelele, na majina ya wapiganaji na maneno machache ya kwenye gemu yanatajwa. Basi. Sisi kwenye kibanda umiza hatukuwa tunasikia hata Kiingereza chake, lakini ule ukelele ukija kibanda kizima kinapiga, wengine wanasimama, benchi linaangushwa, mwenye kibanda anatishia kuzima TV. Ukelele ni silaha. Ubeti ni kazi nyingine. Na kumbuka pia kwenye zile kanda za kutafsiriwa, enzi za kina Lufufu, mtafsiri akiongea muziki wote unazama chini, na bado ngumi tulizisikia na tulizishangilia, yani kizazi kizima cha watazamaji wa ngumi nchi hii kililelewa na ngumi ambazo muziki wake unapotea kila nusu dakika. Hakuna aliyelalamika.

Na gemu umezitaja mwishoni mwa meseji yako, kwamba ulitaka ladha ya gemu za ngumi. Ladha hiyo naijua inatoka wapi, Yuzo Koshiro aliichota kwenye hausi na tekno za klabu akaisokomeza kwenye chipu ya Sega kwa ajili ya Streets of Rage, mwaka 1991, na mpaka leo zile ngoma zinacheza vizuri. Lakini gemu ina shida ambayo wewe huna. Mtunzi wa gemu hajui wewe mchezaji utapigana sekunde 20 au dakika nne, ndo maana ngoma inajizungusha, haina mwanzo wala mwisho, haiwezi kujua umepigwa ubao saa ngapi. Wewe unajua mpaka fremu. Kuweka lupu isiyojua kitu juu ya pambano unalolijua lote ni kujinyima tu.

Haya, singeli. Hutachekwa kwa kuweka singeli. Utachekwa ukiiweka kama ulivyoiweka hiyo EDM. Singeli inakimbia 200 mpaka 300, chukua ya 250, 1500 gawanya kwa 250 unapata fremu sita. Hakuna binadamu anayerusha ngumi ya maana kila baada ya fremu sita, ukijaribu itakuwa katuni, na singeli yenyewe tayari ina utani ndani, ule ufilimbi wa kinanda uliokimbizwa, sampuli za taarab zimebanwa mpaka zinalia kama kuku, mtu akisikia tu uso unacheka. Kwahiyo ukitaka iwe na ukali isikilize kwa nusu yake, 125, au robo yake, kama tulivyofanya kwenye dramu na besi. Na tafuta zile ngoma tupu zisizo na emsii juu. Kuna maprodyuza wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar, kina Bamba Pana na Jay Mitta, mkusanyo wao Sounds of Sisso ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 na Wazungu wakachanganyikiwa, sikiliza zile kazi, kuna sehemu hazichekeshi kabisa, zinatisha kama mashine ya kusaga iliyokatika mkanda. Kwa kufukuzana vichochoroni sijui muziki gani duniani unaishinda singeli. Kwa ngumi za uso kwa uso ni ngumu zaidi ila inawezekana.

Ila mimi kama ningekuwa na washkaji wako na hilo pagale, singeli nisingeiweka juu ya picha, ningeiweka ndani ya picha. Andika sini ya kigodoro. Usiku, maspika yamepangwa nje, watu wamejaa, singeli inapigwa, na ugomvi unaanzia humohumo katikati ya wanaocheza kiasi kwamba kwa sekunde kumi za mwanzo nusu ya watu wanadhani jamaa wanacheza. Hapo kasi ya 250 haikusumbui kwa sababu hakuna anayetegemea ngumi zifuate ngoma, ngoma ni ya sherehe, ugomvi umeivamia, ni Blade ya kwetu bila senti ya vampaya. Halafu umeme ukatike. Hii haihitaji hata kuelezwa kwa Mtanzania. Giza, singeli imekufa katikati ya neno, watu wanapiga "aaaah!", af kinabaki kile ambacho muziki ulikuwa unakificha, pumzi za watu wawili na kandambili kwenye mchanga. Mashine imezimika ila wao bado wanazichapa, na sasa unasikia kila mmoja amechoka kiasi gani. Ukiitengeneza nipigie nije niangalie mwenyewe.

Upande wa miksi sasa, kwa haraka maana nimeongea sana. Kiki ya EDM inakaa chini kabisa, Hz 50 hivi mpaka 60, na wewe sauti ya ngumi umeipakua ya zile nzito za bum bum ambazo nazo zinakaa hukohuko chini. Wamelala kitanda kimoja, mwenye sauti kubwa ndo anayesikika, na ngoma siku zote ina sauti kubwa. Na baya zaidi watazamaji wako wengi wanaangalia kwenye simu, na kispika cha simu hiyo besi hakiitoi kabisa, kwahiyo ngumi zako kwao hazipo, wanaona mtu anaanguka tu kama ameteleza. Ngumi ipe mwili wake kwenye 200 na zaidi, na mchapo wake juu, elfu 2 mpaka elfu 4. Rekodi mwenyewe, kandambili juu ya begi la ngozi ni kofi safi sana, ngumi ya mbavu piga godoro lililokunjwa, mfupa vunja muwa karibu na maiki. Muwa hauna mpinzani. Kisha kwenye ngoma yenyewe tumia ekwalaiza kupunguza hapohapo elfu 2 mpaka 4 kidogo, desibeli tatu hivi, na weka kompresa ya saidcheni ili kila ngumi ikija ngoma ishuke yenyewe kwa muda mfupi, robo sekunde inatosha. Ngoma ipigwe na ngumi, ndo namna yake.

Na usawa wa sauti na picha, sikio la binadamu linavumilia sauti iliyochelewa kuliko iliyowahi, kwa sababu hata kwenye maisha mwanga unafika kwanza. Viwango vya utangazaji vya kimataifa vinasema mtu anaanza kugundua sauti ikiwahi kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa anaweza asigundue mpaka milisekunde 125. Fremu yako moja ni milisekunde 40. Kwahiyo kofi likiwahi fremu mbili umeshikwa, likichelewa mbili hakuna anayejua. Kwenye klipu yako kuna ngumi nne zimewahi, kwa sababu ulizivuta zikae kwenye mdundo. Na sauti ya jumla usiikaze mpaka mwisho, YouTube wanashusha kila kinachozidi LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), utabaki na sini bapa isiyo na kubwa wala ndogo.

La mwisho ni haki. Hiyo EDM uliyoweka umeishusha mtandaoni, usijitetee kwa kuandika chini kwamba muziki sio wako, YouTube mfumo wao unaitambua kwa sekunde chache na pesa ya matangazo inaenda kwa mwenyewe au video inafungwa, na kumtaja msanii sio ruhusa. Kwa muvi unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Ngoma kubwa ya nje hutaimudu, mimi pia siimudu. Tafuta prodyuza wa mtaani hapo Mwanza, mlipe kidogo ila muandikiane, karatasi ieleze ni ya filamu gani na itaonyeshwa wapi, na kama hamuelewani nani anamiliki nini waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Faida yake kubwa hata sio sheria. Prodyuza wako atakupa ngoma imefunguliwa, kiki peke yake, besi peke yake, snea peke yake, na hapo ndo utaweza kuitoa kiki wakati stelingi ameinama anatafuta pumzi ukaacha haihati tu inatiririka. Ngoma uliyoishusha huwezi kuifanyia hivyo.

Na ile ya dakika 2:41, adui anaangukia zile mbao na vumbi linapanda, usiikate fupi kama ulivyofanya. Irudishe yote, na pale usiweke ngoma wala ngumi, weka mbao tu.